Mkojo wa Nyapara

Nimestaafu juzijuzi tu, na wenzangu wanaobaki kazini wameniomba niwaachie maandishi kuhusu kutazama figo za paka kwa altrasaundi. Nimekaa mezani niandike maelekezo. Lakini kila nikianza, paka dume mwenye sikio lililochanika, niliyemtibu zamani, hunijia akilini, hupita katikati ya karatasi, akakaa, akanitazama kama anayesubiri kazi yangu iishe aikosoe. Basi nimemwacha akae. Maelekezo mtayaokota njiani. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi, na mshahara nitauruka kwa sababu hiyo hiyo.

Nilizaliwa milimani, Upareni, ambako ng'ombe hufungwa nyuma ya nyumba na kuletewa majani kama mgonjwa anayeletewa uji. Niliposhuka kwenye basi Shinyanga nikaona ng'ombe wameijaza mbuga, weupe, wekundu, wa madoa, wakitembea polepole ndani ya vumbi lao wenyewe, nilijiambia kwamba hapa daktari wa mifugo hatakosa wagonjwa. Sikujiambia neno lolote kuhusu paka. Chuoni tulimsoma paka upesiupesi, kati ya kuku na sungura, na mwalimu mwenyewe alionekana ana safari.

Siku ya kwanza walinipeleka machinjioni, nijifunze ukaguzi wa nyama kwa Mzee Lubinza. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa hadi likapata rangi ya maziwa. Asubuhi ile mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye nyama mbichi na jua lilikuwa linapenya katikati yake, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu vyangu vyeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hivyo viatu ni vya kanisani au vya kukagulia nyama?"

"Ndivyo nilivyonavyo, mzee."

"Basi leo vitabatizwa."

Vilibatizwa kabla ya chai.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa namna ya peke yake. Aliniambia nifumbe macho, akaniwekea figo kiganjani, bado ya moto.

"Ya mnyama gani?"

"Ng'ombe. Ina vifundo vifundo, kama kichala cha zabibu."

"Na hii?"

"Hii ni laini. Mbuzi."

"Vizuri. Sasa hii hapa ni ya mbuzi, inaumwa. Tangu lini?"

Nikafumbua macho nianze kutaja magonjwa niliyoyakariri. Akanikatiza. "Sijakuuliza inaumwa nini. Nimekuuliza inaumwa tangu lini."

Kisha akanionyesha. Figo iliyougua muda mrefu husinyaa, huwa ngumu, na uso wake huingia mashimo kama barabara baada ya masika. Figo iliyoumia jana au juzi huvimba, ikanenepa, ikabaki laini juu. "Iliyosinyaa ilishakubali yaishe," akasema. "Iliyovimba bado inagombana. Ukiikuta inayogombana, usiondoke."

"Lakini mzee, hawa wote wameshachinjwa."

"Ndiyo maana nakufundisha wewe, siyo wao."

Miaka ikaenda kwa mwendo wa ng'ombe. Nilikaa Bugarama, nikakaa Katoro, nikarudi Shinyanga mjini. Nilichanja, nilizalisha, nilivuta ndama waliokataa kuja duniani kwa kichwa. Halafu ikaja mashine ya kwanza ya altrasaundi. Ilikuja kwa ajili ya kupima mimba za ng'ombe, na uzito wake ulikuwa wa kutosha kukufanya uhurumie wapagazi wote waliowahi kuishi. Baadaye zikaja ndogo, zile za kuchomeka kwenye simu, ambazo kichwa chake unakiweka mfukoni pamoja na funguo. Nilizipenda zote. Mtu aliyezoea kuona figo baada ya kifo, halafu siku moja akaiona inafanya kazi ndani ya mnyama aliye hai anayekutazama, hawezi tena kuwa mtu yule yule. Nilisimama pale nikiwa nimekamata mkia wa ng'ombe, nikataka kumwita Mzee Lubinza kwa sauti. Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Paka wa kwanza niliyemwekea mashine ile aliletwa na mfanyabiashara wa mchele wa Katoro. Msishangae. Katoro mchele unalala kwenye maghala marefu kama treni, na paka wa ghala ndiye mlinzi wa mavuno ya watu wengi. Yule mama akamlaza paka mezani, nikapaka jeli, nikaweka kichwa cha mashine tumboni. Nikaona kivuli kikubwa chini, kigumu, cheupe, kimenyooka. Nikakikagua kwa makini sana. Kilikuwa ni meza. Mashine nilikuwa nimeiacha kwenye kina cha ng'ombe, na paka mzima alikuwa amebanwa pale juu kabisa ya kioo, kama mstari wa kwanza wa barua. Meza, niliweza kumhakikishia mama yule, ilikuwa na afya njema.

Hilo basi ni elekezo la kwanza: ukitoka kwa ng'ombe kwenda kwa paka, punguza kina. La pili ni kwamba umzoee paka mzima kabla hujamhukumu mgonjwa. Nilizunguka maghala yote ya Katoro nikiwaomba wenye mchele waniazime paka zao, na wapiga debe wakaanza kuulizana kama daktari wa ng'ombe ameanza kuumwa kichwa. Lakini mkono wangu ulijifunza. Ulijua kwamba figo ya paka ni laini kama ya mbuzi, na kwamba haizidi sana tende nono. Ulijua kwamba kwenye kioo maji ni meusi, mfupa na hewa ni vyeupe, na nyama iko katikati, kijivu cha wingu. Ulijua pia kwamba dume ambaye hajahasiwa figo yake hung'aa kwa mafuta, kwa hiyo mng'ao peke yake usikutie hofu. Nilikuwa ninajifunza bila kujua ninajiandaa kwa ajili ya nani.

Sasa nije Mwakitolyo.

Tulikwenda kule kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kampeni ilikuwa ya siku kadhaa, tukapanga nyumba ya wageni pale pale, katikati ya makelele ya makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. Mwakitolyo ardhi imetobolewa mashimo ya dhahabu, ambayo wachimbaji wenyewe huyaita maduara, na juu ya kila duara kuna miti iliyofungwa, kamba inayoning'inia, na watu waliopakwa vumbi mpaka kope. Tulipanga meza yetu ya chanjo karibu na kibanda cha Mama Dotto, aliyekuwa anauza ugali na dagaa kwa wachimbaji. Nilikuwa namchanja mbwa wa pili au wa tatu mama huyo alipokuja amebeba beseni la plastiki.

"Shikamoo, Daktari. Nina mgonjwa. Siyo mbwa, lakini naomba usimtoe kwenye foleni."

Ndani ya beseni alikuwamo paka dume, mkubwa, rangi ya majivu, sikio limechanika. Alikuwa amelala kama nguo iliyovuliwa.

"Marahaba. Anaitwa nani?"

"Nyapara."

Watu wakacheka. Nyuma yake walikuwa wamekuja vijana wa duara moja, na mmoja, mwembamba mwenye meno meupe, akanieleza: "Tulimpa jina hilo kwa sababu anakaa mdomoni mwa duara tangu asubuhi mpaka jioni anatuangalia tunavyofanya kazi. Yeye hafanyi chochote. Kama nyapara wetu huyu hapa."

Nyapara halisi, mzee wa makamo anayeitwa Kisena, alikuwa amesimama pembeni, kofia ngumu kichwani, mikono nyuma. "Mimi sikio langu ni zima," akasema.

"Bado tu," yule kijana akamjibu, na kicheko kikarudi upya.

Huyo kijana alikuwa Jilala. Mkumbukeni.

"Hakojoi tangu juzi," Mama Dotto akasema, na yeye hakuwa anacheka. "Hali, hanywi. Anatapika povu. Daktari, huyu paka ndiye anayelinda kamba zetu."

Nikauliza kamba zipi. Wakanieleza wote kwa pamoja. Kamba za kushukia kwenye duara zinalala stoo ya Mama Dotto, karibu na unga. Mikono inayoshika kamba ndiyo mikono inayokula ugali na dagaa, kwa hiyo kamba inanukia chakula, na panya hawaulizi. Kabla Nyapara hajaja, asubuhi moja walikuta kamba imetafunwa nusu, kwa ndani, upande ambao macho hayafiki. Tangu paka yule ahamie stoo, hawajaona jino la panya hata moja. Nikaitazama miti ile iliyosimama juu ya shimo lisilo na mwisho, nikaelewa kilichokuwa kimelala ndani ya beseni.

Wenzangu, paka asiyekojoa ana njia mbili, na zinapingana. Ya kwanza, mkojo upo lakini mlango umeziba. Hapo kibofu hujaa kama mpira, na figo hubanwa kwa nyuma. Kazi yako ni kuzibua, upesi. Ya pili, mlango uko wazi lakini figo zenyewe zimegoma, hakuna mkojo unaotengenezwa. Kibofu ni tupu. Hapo ukianza kuhangaika na mirija unamtesa bure. Kwa macho, paka hawa wawili wanafanana. Wote wamelala kwenye beseni. Maabara ilikuwa mbali, lakini mfukoni mwangu, pamoja na funguo, kulikuwa na kile kichwa cha mashine.

Nikaketi kwenye kigoda, nikamnyoa Nyapara tumboni kwa wembe, nikapaka jeli.

"Daktari," Jilala akanong'ona, "huyu ni dume. Unampima mimba?"

"Nampima kama ana mimba yako. Sogea, unaniziba mwanga."

Kibofu kilikuwa kitupu, kimesinyaa kama pochi ya mwisho wa mwezi. Basi hakuna kilichoziba. Nikapanda juu kushoto, nikaikuta figo. Ilikuwa kubwa, nono kama yai la kuku wa kienyeji, laini pande zote, na kuizunguka kulikuwa na utepe mwembamba mweusi wa maji, kama wino uliochorwa kwa mkono mtulivu. Nikaenda kulia. Vivyo hivyo. Na hapo, katikati ya kelele za makarasha, nikasikia sauti ya machinjioni: *Tangu lini?*

Tangu juzi, mzee. Zimevimba. Zinagombana.

Nikawageukia watu. "Amelamba yale maji ya kijani ya rejeta? Yale matamu?" Wakasema jenereta yao haina rejeta. "Amenywa kwenye beseni la zebaki?" Mama Dotto akaapa kwa jina la mwanaye kwamba zebaki haikanyagi kwake. Kila mtu alikuwa hajui. Nikabadilisha swali. Nikauliza, "Nani hapa anampenda paka huyu kuliko wote?"

Vidole vyote vikamwelekea Jilala.

"Ni kweli," Jilala akasema, akanyoosha kifua. "Hata juzi mimi ndiye niliyemtibu. Alikuwa anachechemea, jiwe lilimgusa mguu. Nikamgawia dawa yangu ya maumivu."

"Dawa gani?"

Akatoa mfukoni karatasi ya vidonge vya diklofenaki, imekunjwakunjwa. "Robo tu, Daktari. Nikakificha ndani ya dagaa. Huku kwetu ukitoka chini mgongo umekufa, unakata kidonge, nusu yako, nusu ya mwenzako. Na yeye ni mwenzetu."

Hakuna aliyecheka. Nimeona sumu nyingi zilizowekwa kwa chuki, na hizo ni rahisi kuzitafuta. Iliyowekwa kwa upendo ndiyo ngumu, kwa sababu aliyeiweka haifichi, anasubiri tu aulizwe ili ajisifu. Ikabidi nimweleze kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama la mtu, inabaki ndani, inazinyima figo damu. Meno yake meupe yakapotea.

"Kwa hiyo nimemuua."

"Hajafa. Figo zake zimevimba, na iliyovimba bado ina nguvu ya kugombana. Nishikie miguu yake."

Tukamwekea kanula mguuni, tukatundika dripu kwenye msumari ule ule ambao Mama Dotto alikuwa anatundika sufuria. Nikampa dawa ya kutuliza kutapika. Nikamwekea mashine kifuani pia, nikawaonyesha mapafu: meusi kwa kijivu chini ya mstari mweupe wa hewa, yanateleza taratibu, hayana maji. "Hii picha muikariri," nikawaambia, nusu kwa utani. Nawaambia na ninyi, bila utani. Kabla ya kumjaza maji mgonjwa wa figo, jua mapafu yake yalivyokuwa yakiwa makavu.

Siku ile tulimlipa maji aliyoyapoteza. Kesho yake asubuhi ngozi yake ilikuwa imerudi, macho yamepata ulowevu, lakini nilipotazama kibofu, pochi ilikuwa tupu vile vile. Deni la maji limekwisha, na hakuna tone lililotoka. Nikaibana dripu mpaka ikawa inadondoka kwa shida.

Hapo wakanigeukia wote.

"Daktari, mbona unapunguza?" Mama Dotto akauliza.

"Kule kwenye kuoshea dhahabu," mmoja akanielimisha, "tope likigoma unaongeza maji. Ukipunguza linaganda."

"Kule maji yana pa kutokea," nikasema. "Huku mlango wa kutokea bado umefungwa. Maji yasiyotoka yatapanda mapafuni, na paka atazama akiwa amelala juu ya meza."

Walinisikiliza kwa heshima, kama watu wanavyomsikiliza mgeni anayewaeleza habari za kijijini kwao. Kuosha mchanga ni kazi yao ya kila siku. Wameona kwa macho yao, tangu utotoni, kwamba maji mengi ndiyo yanayosukuma uchafu na kuacha kilicho cha thamani. Nami nilikuwa nawaambia kinyume. Nikawaachia agizo Mama Dotto na Jilala, nikaenda kuchanja mbwa upande wa pili wa machimbo.

Niliporudi mchana, dripu ilikuwa inamiminika. Nyapara alikuwa anapumua harakaharaka, mdomo umefunguka kidogo. Nikaifunga ile dripu hata kabla sijatua begi. Nikaweka mashine kifuani. Yale mapafu meusi yaliyokuwa yanateleza yalikuwa yameanza kushusha michirizi myeupe, mirefu, kama miale ya taa za gari kwenye ukungu. Maji yalikuwa yameanza kupanda, maana mapafuni maji yakichanganyika na hewa huonekana meupe.

"Nani ameigusa?"

Mama Dotto alikuwa anachota maji kisimani wakati ule, na akaapa. Jilala alikuwa ameshuka kwenye duara, kamba yenyewe ilikuwa shahidi. Watu wakatazamana. Kisha nyuma kabisa, mikono nyuma kama kawaida yake, Kisena akasema, "Mimi."

Nyote mngeshangaa kama walivyoshangaa wao. Huyu ndiye aliyekuwa akimfukuza paka yule kwa mguu kila asubuhi, akilalamika kwamba amechoka kuwa na jina la mnyama.

"Wewe, mzee?" Mama Dotto akasema. "Si ulisema tumtupe?"

Kisena akavua kofia yake. Nilikuwa sijamwona bila kofia, na kichwa chake kilikuwa kipara na kidogo kuliko nilivyodhani. "Asubuhi mimi ndiye ninayeshuka wa kwanza," akasema. "Nakagua kamba kwa kiganja, halafu najiachia. Ile siku panya walipoila, ni kiganja hiki kilichoiona. Tangu paka huyu aje nashuka nikiwa sina hofu. Nilimwona amelala, maji yanadondoka kidogo kidogo, nikasema huyu Daktari anambania. Nikamsaidia." Akatazama chini. "Nimemzamisha?"

"Bado, mzee wangu. Kaa hapa."

Kwenye begi nilikuwa na sindano ya kukojoza, ile tunayowachoma ng'ombe waliovimba viwele baada ya kuzaa. Nikaipunguza makali kwa maji safi mpaka ikafaa mwili mdogo, nikamchoma. Siwadanganyi, dawa ile haifufui figo iliyokufa. Inaipa figo iliyo hai nafasi ya kujaribu, na inayapunguza maji yaliyozidi kama njia itafunguka. Isipofunguka, ndiyo basi. Nimewapoteza paka wengine kwa njia hiyo, wazuri, waliopendwa, na kila mmoja nakumbuka rangi yake.

Tukakaa. Wachimbaji wa duara lile walikataa kushuka. Ugali wa Mama Dotto ukapoa kwenye sahani na hakuna aliyeuliza mboga. Jilala alikuwa amechuchumaa miguuni pangu, na Kisena amekaa kwenye gunia la mkaa, kofia yake imelazwa sakafuni kinywa juu. Kila baada ya muda nilipaka jeli upya nikatazama. Kifua. Kibofu. Kifua. Kibofu. Kioo cha simu yangu kilikuwa kidogo, na vichwa vilivyokizunguka vilikuwa vingi, vyote vinanuka jasho na vumbi la mawe.

Kisha, katikati ya kijivu, nikaona doa.

Lilikuwa dogo kama punje ya kunde, jeusi, limetulia. Nikazungusha mkono nilione kwa upande mwingine, maana doa linaweza kuwa kivuli. Likabaki.

"Hiyo nyeusi ni nini?" Kisena akauliza. Alikuwa ameliona kabla ya wote. Macho ya mtu anayetafuta kitu kidogo ndani ya mwamba hayafundishwi.

"Mkojo," nikasema.

"Wa lini?"

Nikageuka nikamtazama. Hakuwahi kukanyaga machinjioni kwetu, hakuwahi kumjua Mzee Lubinza. Alitaka tu kujua.

"Wa sasa hivi," nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya kidaktari hata kidogo.

Punje ya kunde ikawa korosho. Korosho ikawa limau changa. Kifuani michirizi ikaanza kupungua mmoja mmoja, pumzi zikarefuka. Alasiri jua likiwa bado kali, Nyapara akainua kichwa, akatutazama sote kwa dharau yake ya zamani, akasimama kwa miguu inayotetemeka. Akateremka kutoka mezani na dripu yake, Jilala akiikimbiza chupa nyuma kama mpambe wa bibi harusi. Akanusa gunia la mkaa. Akanusa kiatu changu. Akaichagua kofia ya Kisena, akapanda, akachuchumaa, akafumba macho, akakojoa kwa muda mrefu, bila haraka, mpaka tukaanza kuona haya kumtazama.

Kelele zilizotoka kwenye kibanda kile sijawahi kuzisikia tena. Mama Dotto akapiga vigelegele. Vijana wakarusha mikono, wakakumbatiana, mmoja akapiga sufuria kwa mwiko. Sasa, Mwakitolyo watu wakishangilia hivyo maana yake ni moja tu: duara la mtu limetoa dhahabu. Kufumba na kufumbua watu wakaanza kuja mbio kutoka pande zote, na sururu, na majembe, na karai, wanahema.

"Wapi? Limetoa wapi?"

"Humu!" Jilala akawaambia, akiinua kofia kwa mikono miwili.

Wakachungulia, wakavuta pumzi, wakarudi nyuma. Mmoja akatutukana kwa Kisukuma, kwa urefu na ufasaha. Wengine walikaa, wakaagiza chakula kwa kuwa walikuwa wameshafika, na Mama Dotto akauza mpaka sufuria likakwanguliwa.

Elekezo la mwisho, kabla sijasahau. Figo zikishaamka hukojoa kupita kiasi kwa siku chache, kama mtu anayelipiza kimya chake. Hapo ndipo unaongeza maji, ukifuata yanayotoka, la sivyo mgonjwa atakauka na utakuwa umempoteza mlangoni. Kesho yake nilipofika kibandani nikamkuta Kisena amesimama mbele ya dripu, mikono nyuma, haigusi.

"Mzee," nikamwambia, "leo unaweza kuongeza."

Akanitazama kama nimemtega. Kisha akanyoosha vidole viwili vyeusi, vinene, akasogeza kile kigurudumu kidogo kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa daktari yeyote. Matone yakaongezeka. "Wabeja," akamwambia paka, kwa sauti ya chini. Asante.

Nyapara alipona. Jilala sasa akikata kidonge chake anageuka kwanza kuangalia nani yuko karibu. Kamba bado zinalala stoo.

Nami niko nyumbani, sina begi, sina gari la ofisi, na kile kichwa cha mashine nimekikabidhi kwa anayefuata. Asubuhi za kwanza za kustaafu nilikuwa naamka nikiwa sina wa kumtazama. Lakini kila kunapopambazuka simu yangu huita. Ni Kisena, anapiga kabla hajashika kamba, ananiamkia kwa Kisukuma. Hana maneno mengi.

"Mwangaluka, Daktari. Amekojoa."

"Mwangaluka, mzee. Haya, shuka salama."

Halafu nakata simu, nakwenda kuinjika chai.